Tamko la uhuru linavyoandaliwa, hatua kwa hatua: mwongozo kwa klabu za mdahalo

Desemba ikikaribia, klabu za mdahalo katika sekondari za hapa Dodoma hutafuta mada ya kuadhimisha Uhuru, na nyingi huangukia ile ile ya miaka yote: uhuru umetuletea maendeleo au haukutuletea? Vijana wanabishana kuhusu barabara na zahanati, makofi yanapigwa, kila mmoja anarudi bwenini na maoni aliyokuja nayo. Mwongozo huu ni wa zoezi lingine. Wape vijana koloni la kubuni, waandike tamko la uhuru wake, kisha walitetee mbele ya watu wasiokuwa na sababu yoyote ya kuwahurumia.

Nimewaandikia walimu wenzangu wa Historia na Uraia pamoja na viongozi wa klabu, ila hata asiye na darasa anaweza kuufuata, kwa sababu hatua zenyewe ndizo walizopitia waliofanya kweli. Koloni letu tuliite Nchi ya Bonde. Ni eneo kavu la mtama, uwele na ng'ombe, reli moja inalikata katikati, walowezi wachache wamekaa mlimani kwenye maji, na gavana yuko mbali pwani. Aliyekulia Ugogo atajua nimekopa wapi.

Kabla ya yote shikeni jambo moja. Tamko la uhuru halimlengi mkoloni, maana yeye anajua alichofanya. Wananchi nao wanajua walichofanyiwa. Anayeandikiwa hasa ni mtu wa tatu: nchi jirani, taifa kubwa lenye meli, mwandishi wa gazeti wa mbali, siku hizi Umoja wa Mataifa. Ni kama shauri la baraza la kata, humfokei uliyemshitaki, unazungumza na wazee waliokaa pembeni. Wamarekani mwaka 1776 walilisema hili waziwazi katika aya ya kwanza: heshima kwa fikra za binadamu wengine inawalazimu kutaja sababu za kujitenga. Kila hatua inayofuata ipimeni kwa swali hilo la msikilizaji.

Hatua ya 1: Jueni mnatawaliwa kwa hati gani

Tumezoea kuita kila nchi iliyotawaliwa "koloni", lakini kisheria hazikuwa sawa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua malalamiko yatapelekwa wapi. Kenya ilikuwa koloni la Uingereza. Zanzibar ilikuwa nchi lindwa, ina sultani wake. Tanganyika ilinyang'anywa Ujerumani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ikakabidhiwa Uingereza kuisimamia, na mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Ibara ya 76 ya Mkataba wa Umoja huo inasema lengo la udhamini ni kuwaandaa wenyeji kujitawala au kuwa huru.

Hiyo ilikuwa silaha kubwa kwa TANU. Hawakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba Tanganyika inastahili uhuru, kwa sababu Uingereza ilishakubali kwa maandishi. Ubishi ulibaki kwenye tarehe. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulikadiria kuwa uhuru ungewezekana ndani ya miaka 20 hadi 25, na tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York kueleza msimamo wa TANU. Kabla yake, mwaka 1952, Kirilo Japhet alishafika huko huko kulalamikia Wameru waliohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwishoni mwa 1951. Hakurudishiwa ardhi, lakini malalamiko yakaingia kwenye kumbukumbu za dunia.

Mtu wa Msumbiji hakuwa na mlango huo. Ureno ilidai kwamba Msumbiji, Angola na Guinea yake (Guinea-Bissau ya leo) si makoloni hata kidogo, ni mikoa ya Ureno iliyoko ng'ambo ya bahari. Ukishaambiwa wewe ni mkoa, huna pa kupeleka barua.

Kundi liandike sentensi moja tu kwa hatua hii: Nchi ya Bonde inatawaliwa kwa hati gani, nani aliitia sahihi, na nani mwingine ana haki ya kuisimamia. Wakishindwa kuijaza, wasisonge mbele.

Hatua ya 2: Chagueni njia

Ziko mbili, na ya tatu ndogo.

Ya kwanza ni makubaliano. Ndiyo njia yetu. Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, Machi 1961 ukafanyika mkutano wa katiba ukumbi wa Karimjee Dar es Salaam, Mei mosi tukapata serikali ya ndani, na bunge la Uingereza likapitisha sheria ya uhuru wa Tanganyika kabla ya Desemba kufika. Vijana wengi hushangaa wakiambiwa kwamba hatuna tamko la uhuru la aina ya Marekani, karatasi yenye malalamiko na sahihi za kina fulani. Hatukulihitaji. Aliyetawala mwenyewe aliandika sheria ya kuondoka, na mwanamfalme Philip akaja kukabidhi hati.

Ya pili ni tamko la upande mmoja: mnatangaza, mtawala hajakubali. Marekani 1776, Haiti 1804, Indonesia na Vietnam 1945, Guinea-Bissau 1973. Katika njia hii maandishi hubeba mzigo wote, kwa sababu hakuna sheria ya mtawala ya kuegemea.

Ile ndogo ni kura ya maoni. Tarehe 28 Septemba 1958 Ufaransa iliyauliza makoloni yake kama yanataka kubaki ndani ya jumuiya mpya ya Wafaransa. Guinea ya Sékou Touré ikajibu hapana, na tarehe 2 Oktoba ikawa huru. Wafaransa walikasirika, wakaondoka na walichoweza kubeba.

Kwa zoezi hili nashauri njia ya pili. Ya makubaliano ni salama zaidi maishani, lakini darasani inageuka kuwa kikao cha kamati na vijana wanasinzia.

Hatua ya 3: Thibitisheni kwamba ni ninyi wa kusema

Hapa ndipo matamko mengi hufia. Msikilizaji wa mbali huuliza kwanza: ninyi mnaosema "sisi watu wa", mmetumwa na nani?

Wekeni mifano miwili ubaoni, bega kwa bega. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa serikali ya walowezi, na mawaziri wake walitia sahihi tamko la uhuru wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Lilikuwa limepambwa vizuri, mwanzo wake umefuata mwendo wa lile la Marekani karibu neno kwa neno, ila maneno kuhusu usawa wa binadamu na ridhaa ya watawaliwa yameachwa nje, na mwishoni likamwombea malkia heri. Walowezi waliokuwa wakijitangazia uhuru hawakufika hata sehemu moja ya kumi ya watu wa nchi. Kesho yake Baraza la Usalama likazitaka nchi zote zisiutambue utawala huo, na hakuna hata moja iliyoutambua rasmi. Desemba ile Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza yenyewe, kwa kuona inawalea walowezi.

Mfano wa pili ni Guinea-Bissau. PAIGC, chama cha ukombozi cha huko, walikuwa msituni, hawana mji mkuu. Lakini mwaka 1972 walialika ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukaingia maeneo waliyoyakomboa na kujionea, na mwaka huo huo wakaendesha uchaguzi katika maeneo hayo kupata wajumbe wa baraza la taifa. Kiongozi wao, Amílcar Cabral, aliuawa Januari 1973, ila kazi ilishapangwa. Tarehe 24 Septemba 1973 baraza lile likakutana Madina do Boé na kutangaza uhuru. Kabla mwaka haujaisha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilishaupokea, huku askari wa Ureno wakiwa bado ndani ya Bissau. Ureno ikakubali Septemba 1974.

Karatasi ya Smith ilikuwa nzuri kuliko hali yake, na ya PAIGC ilikuwa na watu nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, kundi lifanye kikao chenye mwenyekiti, katibu, akidi na hoja inayosomwa na kupigiwa kura. Muhtasari uandikwe na kutiwa sahihi. Marekani nayo ilifuata mpangilio huo: Richard Henry Lee alitoa hoja tarehe 7 Juni 1776, kura ikapigwa Julai 2, maandishi yakapitishwa Julai 4, na sahihi nyingi ziliwekwa Agosti 2. New York haikupiga kura ile ya Julai 2, kwa sababu wajumbe wake walikuwa hawajapata ruhusa ya nyumbani. Hilo liwafundishe vijana wanaopenda kusema "tumekubaliana wote" wakati nusu ya darasa ilikwenda kuchota maji.

Hatua ya 4: Kusanyeni malalamiko, kisha yachujeni

Tengeni muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Tamko la Marekani lina malalamiko 27, na ndiyo mwili wake. Watu hukumbuka ile sentensi ya usawa wa binadamu, lakini kwa msikilizaji wa 1776 uzito ulikuwa kwenye orodha.

Angalieni ilivyopangwa. Karibu kila lalamiko linaanza kwa kumtaja mtendaji: amekataa kuidhinisha sheria, amevunja mabaraza, amewafanya majaji wamtegemee yeye kwa mishahara. Baadaye yanakuja ya kodi bila ridhaa na biashara kufungwa, na mwishoni kabisa vita: meli, moto, askari wa kukodi. Yamepangwa kutoka ofisini hadi kwenye damu. Na yote yanaelekezwa kwa mfalme George wa Tatu, kwa sababu waandishi walishika msimamo kwamba bunge la London halikuwa na mamlaka juu yao tangu awali. Kamba iliyobaki ni ya mfalme, basi hiyo ndiyo ya kukata.

Sasa Nchi ya Bonde. Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi huwa hivi:

"Mkoloni ametunyanyasa kwa muda mrefu na kutunyima haki zetu za msingi."

Hakuna kitu hapo. Msikilizaji hawezi kuithibitisha wala kuikanusha. Mwulize: alifanya nini, wapi, kwa nani, na mlipolalamika ikawaje? Baada ya kukwaruzana kidogo inakuwa:

"Amewahamisha watu wa vijiji vitatu vya bondeni kupisha shamba la karanga, bila kuwauliza wala kuwalipa, na barua mbili za wazee wao hazijajibiwa hadi leo."

Vijiji vitatu, karanga, barua mbili. Sasa mkoloni analazimika kujibu. Mkitaka kitu halisi cha kuchochea mawazo, kiko jirani: mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, wakafyeka vichaka kwa matrekta, mvua ya kwetu ikawa ile ile ya kwetu, udongo ukakauka kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kula takribani paundi milioni 36. Lalamiko la kusema "alipanda karanga pasipo mvua na hakumwuliza hata mzee mmoja anayejua mvua" lina nguvu kuliko aya nzima ya kumlaani.

Baada ya kukusanya, chujeni kwa maswali mawili tu. Je, tunaweza kulithibitisha? Je, na sisi wenyewe hatulifanyi? La pili linauma. Thomas Jefferson, aliyekuwa na watumwa mwenyewe, aliandika kwenye rasimu aya ndefu ya kumshutumu mfalme kwa biashara ya watumwa, na mkutano ukaiondoa, wajumbe wa South Carolina na Georgia wakiwa miongoni mwa walioipinga. Lalamiko la mwisho likabaki linawaita wenyeji wa Amerika washenzi wasio na huruma. Vijana wataliuliza hili, msiwakwepe. Waandishi wa tamko walikuwa na kasoro kubwa, na wapinzani wao London walizianika.

Kwa Nchi ya Bonde, waulizeni: wafugaji mliowatoa mabondeni ninyi wenyewe, je? Wanawake wamo kwenye baraza lenu? Kama jibu ni baya, ama lalamiko liondoke ama tamko liahidi marekebisho.

Msizidi malalamiko kumi. Ishirini na saba ni ya watu wenye subira ya karne ya 18.

Hatua ya 5: Onyesheni kwamba mliomba kwanza

Fupi lakini msiiruke. Wamarekani walipeleka ombi la upatanisho kwa mfalme mwaka 1775, akakataa kulipokea na kuwatangaza waasi, na tamko likalitaja hilo: kila tulipoomba, tulijibiwa kwa kuumizwa tena. TANU nayo ilikuwa na mlolongo wake. Iliomba, ikaenda New York, na mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ukakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ulikuwa mpango wa kuudhi. Kuingia humo kulimnyima gavana hoja ya kusema hawa watu hawataki njia za amani.

Orodhesheni maombi kwa tarehe. Mstari mmoja kila ombi.

Hatua ya 6: Wekeni msingi wa haki

Kabla ya malalamiko huwekwa aya moja au mbili zinazosema kwa kanuni ipi mnayaita makosa. Wamarekani walitumia haki za asili na ridhaa ya watawaliwa. Ho Chi Minh, Hanoi, tarehe 2 Septemba 1945, alifanya jambo la werevu: alianza kwa kunukuu tamko la Marekani, kisha azimio la Wafaransa wenyewe la haki za binadamu na raia, halafu akageuka kuonyesha jinsi Ufaransa ilivyoyakanyaga huko Vietnam. Kumshika mtawala kwa maneno yake mwenyewe ni mbinu ninayoipenda kuliko zote. Tafuteni alichowahi kuandika mtawala wa Nchi ya Bonde.

Kwa koloni la baada ya 1960 msingi ni rahisi zaidi. Tarehe 14 Desemba 1960 Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 1514, kwa kura 89 bila hata moja ya kupinga, nchi 9 zikijizuia, Uingereza, Ufaransa, Ureno na Marekani zikiwemo. Linasema watu wote wana haki ya kujiamulia, na kwamba upungufu wa siasa, uchumi, jamii au elimu usiwe kisingizio cha kuchelewesha uhuru. Sentensi hiyo ya mwisho iliua hoja ya "bado hawajawa tayari", ambayo wazee wetu waliisikia mpaka wakachoka.

Angalizo: azimio hilo hilo linalinda umoja wa nchi na mipaka yake. Kijana akitaka kulitumia kuutangazia mkoa wake uhuru ndani ya nchi iliyo huru tayari, halimsaidii.

Hatua ya 7: Andikeni

Kamati iwe ndogo. Marekani ilikuwa na watu watano: Jefferson, John Adams, Benjamin Franklin, Roger Sherman na Robert Livingston. Mmoja aliandika, wawili wakasahihisha, mkutano ukakata karibu robo ya maandishi, na mwandishi akaumia moyo. Nanyi mkubali kukatwa.

Mpangilio uliozoeleka ni huu: kwa nini tunasema, tunaamini nini, tumetendewa nini, tuliomba vipi, tunatangaza nini, nani anatia sahihi. Sentensi ya kutangaza iwe fupi, ya wakati uliopo, isiyo na "tunaomba" wala "tungependa". Indonesia, tarehe 17 Agosti 1945, ilikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza: sisi watu wa Indonesia tunatangaza uhuru wa Indonesia. Ya pili inasema mambo ya kukabidhiana madaraka yatafanywa kwa uangalifu na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Chini, Sukarno na Hatta, kwa niaba ya watu. Malalamiko hayakuwemo, yalikwenda kwenye utangulizi wa katiba iliyofuata kesho yake. Waholanzi, waliokuwa watawala, walipigana miaka minne kabla ya kukubali, Desemba 1949, lakini tarehe ambayo Waindonesia wanasherehekea ni ile ya sentensi mbili.

Andikeni kwa Kiswahili cha kusomeka kwa sauti. Msomaji ajaribu mbele ya mtu aliyeko nyuma kabisa ya ukumbi. Sentensi inayomkata pumzi ipasuliwe.

Hatua ya 8: Mambo ambayo hayamo kwenye nyimbo

Mipaka, madeni, mikataba, na watu wachache waliobaki. Wanafunzi huyaona ya kuchosha. Mabalozi huyasoma haya kwanza.

Mipaka: semeni ni ile mliyoikuta. Nchi za Afrika zilikubaliana hivyo Cairo, Julai 1964, Nyerere akiwa miongoni mwa walioisukuma hoja, kwa kuogopa kwamba tukianza kusahihisha mistari ya Wazungu hatutamaliza.

Madeni: kumbukeni Haiti. Ilijitangaza huru Januari 1, 1804, ikiwa imemshinda Mfaransa vitani, lakini Ufaransa ilikubali kuitambua mwaka 1825 tu, kwa sharti la kulipwa faranga milioni 150 za kuwafidia waliokuwa wakimiliki mashamba na watumwa. Baadaye zilipunguzwa zikawa 90. Watu waliojikomboa walijilipia bei yao wenyewe kwa vizazi. Nchi ya Bonde iseme mapema deni gani inalipa na lipi halilipiki.

Mikataba: hapa tuna cha kujivunia. Tanganyika iliuandikia Umoja wa Mataifa ikisema mikataba ya nchi mbili mbili iliyofungwa na Uingereza kwa niaba yetu itaendelea kwa miaka miwili tangu uhuru. Ndani ya muda huo tutaipitia mmoja mmoja, na ambao hautakubaliwa upya utakufa, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa inaitaka iendelee. Mwaka 1962 tukawaambia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya maji ya Nile ya 1929 hayatufungi. Utaratibu huo unafundishwa vyuo vya sheria duniani kwa jina la Nyerere. Nakilini wazo, wekeni muda wenu.

Wachache: Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa kabisa ubaguzi wa rangi kwenye uraia, akawa tayari serikali ijiuzulu kuliko kukubali. Walowezi wa mlimani katika Nchi ya Bonde wataishi chini ya tamko hili. Watengeeni aya.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Chagueni mahali penye maana na saa inayowezekana. Tanganyika ilishusha bendera ya Uingereza na kupandisha yetu usiku wa manane wa kuamkia Desemba 9, Uwanja wa Taifa, huku Luteni Alexander Nyirenda akipeleka bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro. Sukarno alisoma mbele ya nyumba yake. PAIGC walikuwa porini. Kwa shule, uwanja wa paredi unatosha. Hali ya hewa yetu ya Desemba haitabiriki, kwa hiyo wekeni turubai.

La muhimu kuliko bendera ni nakala. Usiku wa Julai 4, 1776, John Dunlap alichapa nakala zikatumwa kwenye majimbo na kwa jeshi. Tamko lisilosambazwa halikusikika. Siku hiyo hiyo nakala ziende kwa nchi jirani, kwa mtawala na kwa vyombo vya habari, na katibu aandike saa ya kutuma.

Kama klabu ina nauli, fanyeni siku ya maandalizi Kongwa. Mnatoka mjini kwa njia ya Morogoro, mnakata Mbande. Pale palipofyekwa kwa ajili ya karanga ndipo Tanzania ilipowapa kambi wapigania uhuru kuanzia miaka ya 1960: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA, pua na mdomo. Samora Machel aliwahi kuishi hapo kabla hajatangaza uhuru wa Msumbiji Juni 25, 1975. Baadhi yao hawakurudi kwao, na makaburi yapo. Mwanafunzi akitoka pale anaandika lalamiko tofauti na la aliyekaa na kitabu.

Hatua ya 10: Barua ya kuomba kutambuliwa

Kutangaza ni jambo moja, kuwa nchi ni jingine. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikizungumzia Kosovo, ilisema tamko lenyewe halikuvunja sheria ya kimataifa, na haikuingia kwenye swali la kama Kosovo ni dola. Vigezo vinavyotajwa sana ni vile vya mkataba wa Montevideo wa 1933: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Jibuni vyote vinne kwa barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mkiomba uanachama na kukubali masharti ya Mkataba.

Barua hupita Baraza la Usalama, ambako zinahitajika kura 9 kati ya 15 bila mjumbe wa kudumu kupiga turufu, yaani kura ya kuzuia, kisha theluthi mbili ya Baraza Kuu. Tanganyika iliingia Desemba 14, 1961, siku tano baada ya uhuru. Angola, iliyojitangaza Novemba 11, 1975 katikati ya vita vya vyama vitatu, ilipigiwa turufu na Marekani Juni 1976, ikaingia Desemba mwaka huo.

Darasani wawekeni wanafunzi 15 mbele, watano kati yao wajumbe wa kudumu. Kila mmoja wa watano apewe siri karatasi ya maslahi yake: huyu ana reli Nchi ya Bonde, yule ni rafiki wa mtawala, mwingine hana habari na nchi hiyo kabisa. Wasome tamko kwa robo saa, waulize maswali, wapige kura kwa kunyoosha mikono. Kundi likipigiwa turufu lisiguse malalamiko. Lipewe kipindi kimoja kujua ni karatasi gani imewakwamisha, na kuandika barua ya pili kwa mjumbe huyo mmoja.